Masalia ya Shamba la Sadock

Jumapili, 28 Aprili

Angela amenipigia simu kutoka Makambako nikiwa bado sijavua nguo za kanisani. Mgahawa wake wa karibu na stendi unakwenda, ila anasema abiria wamechoshwa na chipsi. "Mama, niandikie yale mapishi yako ya viazi vilivyobaki. Yote. Ukifa leo mimi nitabaki na chipsi tu." Huyo ndiye binti yangu, anakuzika huku anaomba msaada.

Nimenunua daftari kubwa. Nimepika miaka kumi na tisa kwenye jiko la sekondari, kwenye sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuoga ndani, na sijawahi kuandika hata kipimo cha chumvi. Nimeamua ukurasa wa kulia uwe wa mapishi na wa kushoto uwe wa mambo ya siku, maana mapishi matupu yatanitia usingizi.

Kwanza Angela ajue masalia ni nini. Mnunuzi anachukua viazi vikubwa. Vinabaki vidogo kama gololi, vilivyokatwa na jembe, na vilivyopigwa na jua vikawa kijani. Vidogo havimenywi. Tia kwenye kipande cha gunia la katani pamoja na mchanga kidogo na maji, usugue mpaka ganda litoke lenyewe. Chemsha, chuja, bonyeza kila kimoja kwa kiganja kipasuke kidogo, kisha kaanga na kitunguu na pilipili. Kile cha kijani usimpe mteja. Hata nguruwe nampa baada ya kukata ule ukijani wote.

Halafu kuna masalia yanayobaki ardhini. Kwetu huku kijijini Yakobi, mwenye shamba akimaliza kuvuna anakusanya majani makavu ya viazi na kuyachoma. Moshi ukipanda, mwanamke yeyote mwenye jembe anaingia kufukua vilivyosahaulika. Hakuna anayebisha hodi, moshi ndio ruhusa. Mimi na Devotha tumefukua hivyo tangu tukiwa maharusi wapya, tulioolewa mwaka mmoja, nyumba jirani. Ni miaka thelathini sasa.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua siku nzima. Kuni mbichi. Nimelia kwa moshi, si kwa jambo lingine.

Jumamosi, 4 Mei

Ronald amepata kazi. Sadock, yule aliyekodi zile ekari nane ng'ambo ya bonde, amemchukua awe mlinzi mpaka viazi vitoke. Mwaka jana wezi walimchimbia robo ya shamba. Amempa buti za mpira na koti zito. Ronald amejitengenezea silaha mwenyewe, mpini wa jembe wa mti mgumu, kichwani kaufunga waya wa kuzunguka.

Nilimuuliza, "Waya wa nini, mwanangu?"

"Usiteleze mkononi."

"Mkono unashika huku chini, waya uko juu."

Akacheka. Ana meno mazuri, kama ya baba yake. Baba yake alinipiga kwa kuni mbichi kwa sababu kavu ilikuwa inavunjika mapema. Alipotulia alikuwa akikaa kizingitini na kuniambia, "Mama Angela, mkono ukishaanza, hausikii." Kana kwamba mkono ni wa jirani. Amekufa mwaka wa saba huu. Siku tuliyomzika, Ronald alikuwa na miaka kumi na tisa na aliniambia hataonja ulanzi, ile pombe ya mianzi, maisha yake yote, na kweli hajaonja. Nilimshukuru Mungu, nikadhani tatizo lilikuwa ulanzi.

Alhamisi, 9 Mei

Ronald amemkamata Lameki, mtoto wa fundi baiskeli, akiwa na viazi kumi na viwili kwenye kofia ya sweta. Alimlaza, akamkanyagia mkono kwenye jiwe, akampiga vidole kwa mpini. Vidole vitatu. Amenisimulia mwenyewe mezani huku anakula, akanionyesha kwenye meza jinsi alivyouweka ule mkono.

"Sadock alisema nisimpigie simu kabla sijawafundisha," alisema.

Viazi kumi na viwili. Nilivihesabu kichwani, ni mlo wa watu watatu. Nikataka kusema kitu. Nikamwongezea mchuzi.

Jumapili, 12 Mei

Lameki alikuwa kanisani, mkono umefungwa kwa kitambaa cha shuka. Watu walituangalia mimi na Ronald, kisha wakaangalia altare. Wakati wa kutoka Devotha alinivuta pembeni.

"Kamwene, Mama Ronald."

"Kamwene."

"Mwanao ana mkono mzito."

"Analinda mali ya mtu. Ulitaka awaimbie?"

"Nilitaka uongee naye wewe, kwa sababu mimi nikiongea nitaonekana nina kidomodomo." Alikuwa anatabasamu, Devotha hawezi kusema neno gumu bila kutabasamu. "Nimembeba mgongoni yule. Simwogopi. Ila nawaogopa watu wanaomwogopa."

Nilikasirika. Nikamwambia akafundishe Janeth wake kusoma. Janeth ana miaka kumi na moja na kitabu cha darasa la tatu kinamshinda. Ni maneno mabaya kumwambia mtu akiwa ametoka kukomunika. Devotha alitabasamu tena, akaniuliza kama nina chumvi ya kumwazima.

Chapati za viazi: chukua viazi vilivyobaki jana usiku, viwe baridi kabisa, uviponde mpaka visiwe na hata chembe moja. Unga wa ngano nusu ya viazi, chumvi, mafuta kijiko. Usitie maji, viazi vina maji yake. Zinakaa laini siku mbili, Angela, hata mtu akisafiri nazo kutoka Makambako mpaka Tunduma.

Jumatano, 15 Mei

Ukungu. Nguruwe anakula vizuri.

Jumamosi, 18 Mei

Fuso limepita mara tatu leo likiwa limejaa, linatoka kwa Sadock. Ardhi ilitetemeka mpaka sufuria zikagongana. Wanavuna.

Wanga: viazi vilivyokatwa na jembe vikwangue kwenye kikwangulio, vikamue kwenye kitambaa safi, maji yake yaache yatulie mpaka asubuhi. Chini utakuta kitu cheupe kinang'ang'ania beseni. Kianike. Kinazidisha uzito wa supu, na kinafaa kwenye uji wa mgonjwa. Machicha usitupe, changanya na yai na kitunguu, kaanga.

Jumanne, 21 Mei

Ronald amekuja kuchukua chakula. Hapandi tena kulala nyumbani, amejenga kibanda kule kule. Macho yake ni mekundu kwa kukosa usingizi. Amesema bila mimi kumuuliza, "Kesho tunachoma majani."

"Mmemaliza?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Akainua mkono tu, sijui ulimaanisha ndiyo au kwaheri. Nami sikumkimbilia kumuuliza tena.

Jumatano, 22 Mei

Moshi umepanda kwa Sadock saa nane mchana, mzito na mweupe, kutoka upande wa chini na wa juu pia. Nimekwenda kwa Devotha mwenyewe nikampelekea chumvi kama njia ya kuomba radhi, nikamwambia kesho alfajiri twende kabla wengine hawajaamka.

"Una hakika wamemaliza?" aliuliza. "Fuso halikupita jana wala leo."

"Mlinzi ni mwanangu. Nani atajua zaidi yangu?"

Alhamisi, 23 Mei

Nitaandika.

Tulifika shambani kukiwa na ukungu mkubwa, mtu humwoni akiwa hatua ishirini. Tuliingia kwa chini. Majani yalikuwa yamechomwa kweli, majivu yote juu ya matuta, yana joto bado. Kulikuwa na viazi. Tulidhani ni masalia. Devotha alikuwa anacheka kwa sauti ya chini, akasema wachimbaji wa Sadock walikuwa wanachimba macho yamefumbwa.

Ndipo Ronald akatokea. Alikuwa upande wa Devotha. Alimpiga mgongoni kwanza, Devotha akaanguka kwenye tuta na kugeuka. Akamwita, "Ronald! Ronald, ni mimi, mama yako mdogo!" Nilisikia kila neno. Akampiga mkono aliouinua kujikinga, ukalia kama kuni. Akampiga kichwani. Akampiga tena hapo hapo. Kisha akasimama anahema, akaenda juu, ambako simu inashika mtandao, kumwita Sadock.

Mimi nilikimbilia nyumbani kutafuta msaada. Devotha aliokotwa na wanafunzi waliokuwa wanapita kwenda shule. Wamempeleka Njombe kwa bajaji, damu imefunika uso wote, na sasa hivi nimesikia hospitali imesema apelekwe ile hospitali kubwa ya Ikonda.

Saa saba Ronald alikuja. Alikuwa ameshaosha mpini.

"Mama, unajua ni nani?"

"Nimesikia."

"Sehemu ya chini haijavunwa. Majani yalipata ugonjwa, bwana shamba akamwambia Sadock ayakate na kuyachoma, viazi vikae ardhini wiki mbili ganda likomae. Mtu yeyote angejua."

Nani angejua? Maisha yangu yote sijaona mtu anachoma majani na viazi viko chini. Kwa nini hukutangaza kijijini, nilimuuliza. Akasema hiyo si kazi ya mlinzi.

"Alikuita kwa jina," nilisema. Kisha nikaongeza haraka, "Watu wanasema alikuita."

Ronald aliangalia mikono yake. "Nilimjua. Baada ya ule wa kwanza nilimjua. Lakini mkono ulikuwa umeshaanza."

Nilishika meza. Nikamfungia chapati za viazi tano kwenye kitambaa, nikamwambia apite njia ya msituni akapande basi la Makambako, aende kwa dada yake.

Ijumaa, 24 Mei

Romanus, mume wa Devotha, amekuja na wadogo zake wawili na mapanga. Walipiga teke mlango ambao ulikuwa wazi. Wakachungulia uvunguni na darini, wakavunja chungu cha maji, wakapasua gunia la unga kwa panga. Romanus alinishika shingo akanibana ukutani. Mtu huyu huniita shemeji na hunichanjia kuni.

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Amemvunja fuvu, Oktavia! Limebonyea, kidole kinaingia! Yuko wapi?"

"Sijui, shemeji."

Aliniachia. Akatoka nje, akaingia kwenye banda, akamkatakata nguruwe wangu. Hakumchinja, alimkatakata, kuanzia miguu. Yule mnyama alilia kwa muda mrefu, na Romanus naye alikuwa analia kwa sauti hiyo hiyo. Walipoondoka, majirani walikuja wakasimama uani. Hakuna aliyeniuliza kama nimeumia.

Jumamosi, 25 Mei

Nyama yote nimeifukia. Sikuweza kuipika.

Jumatano, 29 Mei

Jana wanakijiji walichoma kibanda cha Ronald na stoo ya Sadock. Leo polisi wameingia kijijini, wakapiga vijana wanne waliowakuta kwenye kilabu cha ulanzi, wala hao hawakuwepo jana. Mmoja wao ni Lameki mwenye vidole vilivyovunjika. Walimpiga kwenye mkono huo huo.

Kuna kiroba cha viazi nyuma ya mlango wangu. Hakuna ajuaye. Ni kile nilichojaza siku ile.

Nimekikalia leo mchana kutwa na nimeona niandike kitu ambacho sikuandika tarehe ishirini na tatu. Niliandika kwamba tulidhani ni masalia. Devotha alidhani. Mimi nilijua kwenye jembe la tatu. Mtu aliyefukua masalia miaka thelathini anajua jinsi yanavyokuja: kimoja hapa, utembee, kingine kule, na ardhi ni laini kwa sababu imeshageuzwa. Pale ardhi ilikuwa ngumu, haijaguswa, na kila nikipiga vinatoka vitano au sita vimeshikana kwenye mzizi mmoja. Nilijua ni shamba zima. Nikaendelea kujaza. Nilisema moyoni, mlinzi ni mwanangu, atatufanya nini?

Jumapili, 2 Juni

Romanus amerudi kutoka Ikonda na habari. Devotha amefumbua macho. Jicho la kushoto halioni, mkono wa kulia umewekewa chuma. Anaongea, polepole.

Sadock ameandikisha polisi kwamba Devotha ni mwizi. Anasema aliingia peke yake kwenye shamba ambalo halijavunwa, akiwa na jembe na kiroba, na alimshambulia mlinzi kwa jembe. Ronald amempigia Sadock simu na kusema hivyo hivyo. Hakuna shahidi. Mwenyekiti wa kijiji anasema Devotha akitoka hospitali atachukuliwa moja kwa moja mahabusu, jicho atatibiwa huko huko.

Moshi? Askari mmoja alimwuliza mwenyekiti moshi unahusiana nini na wizi. Ni mgeni huku. Mwenyekiti naye akanyamaza, stoo imechomwa kijijini kwake, hataki maswali zaidi.

Jumatano, 5 Juni

Baridi ya kukata masikio. Asubuhi majani ya maboga yalikuwa meupe, ukiyagusa yanavunjika. Viazi vilivyo kwenye kiroba vimeanza kuchipua.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda Ikonda. Niliamka usiku nikapika viazi vya mgonjwa: chemsha viive kupita kiasi, ponda na maziwa ya moto, pitisha kwenye chujio, tia wanga kijiko kimoja upate uzito, chumvi kidogo sana. Mtu asiyeweza kutafuna anakula. Viazi nilinunua sokoni. Vile vya kirobani sikuvigusa.

Basi lilichukua saa nyingi, barabara inapanda na kushuka, baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Wodini nilimpita mara mbili bila kumtambua. Wamemnyoa. Upande mmoja wa kichwa una shimo lililofunikwa, na uso umevimba rangi ya bilinganya. Lile tabasamu lake sasa linapanda upande mmoja tu.

Nilimlisha. Alikula vijiko sita.

"Kuna wanga humu," alisema.

"Kidogo."

"Ni tamu. Mwandikie Angela."

Nilimpangusa mdomo. Nikamwambia, Devotha, nimesikia Sadock anakuita mwizi. Nimesikia umewaambia polisi ulikuwa peke yako. Kwa nini umesema hivyo?

Alifumba lile jicho moja. Kisha akasema taratibu, neno baada ya neno, "Nikisema tulikuwa wawili, watakuuliza kwa nini hukuita. Sitaki wakuulize hilo, Mama Ronald."

Basi aliniona, na anakumbuka.

Nimefika nyumbani sasa hivi. Nimewasha taa, naandika. Tarehe ishirini na tatu niliandika kwamba nilikimbilia nyumbani kutafuta msaada. Ni uongo. Nilipomwona Ronald anatoka kwenye ukungu, nililala kati ya matuta mawili, uso kwenye majivu. Nilikuwa hatua kumi. Alikuwa anampiga Devotha, na mimi nilijua kwamba nikisema neno moja tu, "Ronald", kwa sauti yangu, angesimama. Hata baba yake alikuwa akisimama mtoto akilia. Lakini nilifikiri, akiniona atajua mama yake ni mwizi. Nilifikiri, nikiinuka huenda huo mkono ukanigeukia mimi. Miaka ishirini nilipigwa, na mwili wangu unajua kulala chini na kukaa kimya kuliko unavyojua kitu kingine chochote. Nilihesabu. Mgongo, mkono, kichwa, kichwa. Alipoondoka, nilimsikia Devotha anakoroma damu. Niliinuka. Tukatazamana. Nikainama, nikachukua kiroba changu, nikaondoka.

Nilichukua kiroba.

Jumatatu, 10 Juni

Sijaandika, sijapika. Nimekula viazi baridi bila chumvi.

Jumatano, 12 Juni

Angela amepiga simu, anaongea kama mtu mwenye pipi mdomoni. Nikamuuliza meno yanauma? Akaanza kulia. Jana alimwambia Ronald aoshe sufuria, asikae tu kama pasha. Ronald alichukua upawa wa kukaangia, umetoka kwenye mafuta, akampiga nao shavuni. Mara mbili. Wateja walikuwepo. Ngozi imetoka na upawa.

"Amesema nini?" niliuliza. Nilikuwa najua.

"Amelia, mama. Amepiga magoti. Amesema mkono ukishaanza..."

"Usimalizie."

"Sasa nifanye nini? Nimfukuze? Kule Romanus atamuua."

Nilimwambia asimfukuze wala asimwambie kitu, ampe chakula, afunge mgahawa mapema na akalale kwa Jackline, rafiki yake wa duka la pembeni. Nikakata simu. Nikakaa jikoni mpaka majivu yakapoa. Nimemlisha mwanangu huyu miaka ishirini na sita. Alipomvunja Lameki vidole nilimwongezea mchuzi. Alipomvunja Devotha fuvu nilimfungia chapati. Kila mara alipopiga, mimi nilimpakulia chakula, na sasa nimemwambia Angela naye afanye hivyo hivyo.

Jumapili, 16 Juni

Padre amehubiri juu ya msamaha, sikusikiliza. Romanus alikuwa amekaa benchi la mbele na Janeth. Hawakugeuka.

Jioni nilichukua kisu nikataka kukata kurasa za daftari hili. Niliwaza hivi: nikienda polisi nitasema niliyoyaona, yatosha, hawana haja ya kusoma yale ya kulala kwenye majivu. Na kama sitakwenda, basi heri zaidi yasiwepo. Nikafungua tarehe saba, nikaweka kisu. Nyuma ya karatasi hiyo hiyo yamo mapishi ya viazi vya mgonjwa, yale aliyoniambia Devotha nimwandikie Angela. Nikafungua tarehe ishirini na tatu. Nyuma yake ni wanga. Kila karatasi iko hivyo, nilijipangia mwenyewe kulia na kushoto.

Nimerudisha kisu kwenye kabati.

Angela, mapishi ya mwisho, halafu basi. Viazi vilivyochipua na kulainika usivipike. Kata sehemu yenye jicho, pamoja na nyama kidogo ya kiazi iliyoshikana nalo, zipake majivu, panda. Hayo ndiyo matumizi yake pekee.

Jumanne, 18 Juni

Naandikia kwenye kaunta ya polisi, Njombe. Nimekuja na kiroba na daftari. Kiroba kimewekwa mezani, machipukizi yametoboa nailoni, marefu na meupe. Askari wa kike, mtu mzima kiasi, aliuliza ni nini. Nikamwambia ni viazi vya Sadock, nimeviiba mimi, tarehe ishirini na tatu mwezi wa tano.

Nimemweleza moshi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akaandika. Nimemweleza kuwa mimi ndiye niliyemfuata Devotha nyumbani kwake, mimi ndiye niliyesema wamemaliza, na kwamba Devotha hakuinua jembe, lilikuwa chini, hatua mbili kutoka mkononi mwake. Nimemweleza mapigo manne na yalipotua. Nimemwambia Ronald yuko wapi, mtaa, mlango, na saa anazokula. Amepiga simu Makambako nikiwa nimesimama hapa. Nilisikia anatamka jina lote la mwanangu, la ubatizo na la ukoo, na nilishika kaunta.

"Unajua na wewe unaweza kushitakiwa?" ameniuliza.

"Najua."

"Na huyo ni mwanao wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

Amerudi kwenye maelezo aliyoandikisha Devotha kule hospitali, akasoma kimya, akakunja uso. "Mama, huyu majeruhi alisema alikuwa peke yake. Ameweka na dole gumba. Ninyi mlikuwa wangapi shambani?"

Nilishindwa kutamka. Maneno yote mengine yalitoka, hili likakwama. Amenipa kalamu, akasema basi niandike mwenyewe humu, kisha daftari nimwachie.

Tulikuwa wawili.